Mtama wa Mama Wakesho na Droo Yangu

Mimi ni afisa wa kilimo hapa Voi, na kwenye droo ya ofisi nafuga sisimizi wale wanaovuna mbegu: malkia mmoja na watoto wake kama ishirini, ndani ya kisanduku cha plastiki. Bosi hakujua.

Mama Wakesho wa Sagalla aliniletea bahasha ya mtama alioachiwa na marehemu mamake. Mvua ilikuwa karibu, akataka nipime kama bado unaota. Mimi nikaona chakula kimejileta. Nikawamwagia sisimizi kijiko kimoja. Siku ya nne punje nyingi zilikuwa bado zipo, na kwa kuwa sipendi kuharibu mali ya watu, nikazirudisha kwenye bahasha.

Kisha nikapima. Nilichota punje za juu, nikazilaza kwenye pamba yenye maji. Wiki nzima haikuota hata moja.

Jumatatu nikamwambia mbele ya bosi na foleni ya wakulima, kwa sauti ya mtu aliyesomea: "Mama, mtama huu umekufa. Wape kuku, ununue mbegu za dukani."

Mama Wakesho alivaa miwani, akaokota punje moja kwenye pamba iliyokuwa mezani.

"Mwanangu, hii imeng'atwa pale inapochipukia. Sisimizi hufanya hivi ili mbegu isiote ndani ya shimo lao. Kwangu hakuna sisimizi."

Bosi akatazama sakafu, akatazama ukuta, kisha akamwona mmoja akitoka kwenye droo yangu na punje mdomoni. Akaivuta droo.

Mama Wakesho akainama, akachungulia bila haraka.

"Wamenona," akasema.