Soya ya Mama na Aibu ya Kituo

Soya inayokaangwa hunukia kwanza kama majani mabichi, kisha kama karanga, na ukizembea, kama moshi mchungu. Msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka tisa, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu Kolwezi, kusini mwa Kongo. Mama alikuwa ameilima uani. Aliichemsha, akaimenya, akaianika juu ya bati, akaikaanga taratibu, kisha akaipeleka mashineni kusagwa pamoja na mahindi. Kila asubuhi tulikunywa uji wake, naye alimalizia sufuria kwa kidole.

Mtaani kwetu soya ilijulikana kwa jambo moja: ndicho chakula walichopewa watoto waliovimba miguu kwa utapiamlo katika kituo cha lishe. Kuipika nyumbani ilikuwa aibu. Jirani yetu, Mama Ngoie, alisimama kwenye uzio wa matete akapaza sauti ili wapita njia wasikie: "Mama, batoto bako banavimba? Ama ni weye ndiye bébé wa kituo?" Wanawake wakacheka. Mama akajibu, "Kuya uonje, Mama Ngoie, pengine ulimi yako itapona." Shuleni, hata hivyo, wenzangu walianza kuniita Kwashi, kifupi cha kwashiorkor, ugonjwa ule wa kuvimba. Kwa siku tatu nilikataa uji, nikilia. Siku ya nne mama aling'oa soya yote iliyobaki uani, maganda yakiwa bado mabichi, akapanda mihogo.

Sasa mama ni mzee na anasahau. Mwezi uliopita aliingia nyumba ya jirani akidhani ni kwake. Kaka yangu, aliyekuwa akiishi naye, akaita kikao cha ukoo na kutamka bila haya: "Huyu ni mulozi. Atoke mu nyumba yangu." Mlozi! Mwanamke aliyemlisha! Nilimchukua mama siku hiyohiyo, nikamleta kwangu.

Mimi hujisomea. Nimesoma kwamba bakteria fulani wa utumboni hugeuza kemikali ya soya kuwa nyingine, iitwayo ekwoli, na watafiti wanachunguza kama inasaidia ubongo unaozeeka. Si kila mtu ana bakteria hao. Tena kidole kimoja hakivunji chawa: soya peke yake haitoshi. Uji ungemkinga mama? Sijui, na anayedai kujua anadanganya. Ninachojua ni kwamba mdomo uliokiita chakula kizuri aibu ndio leo unaouita ugonjwa uchawi, na siku zile nilipokataa uji, mdomo huo ulikuwa pia wangu.

Jana nilikaanga soya barazani, lango likiwa wazi makusudi. Mama aliniita kwa jina la dada yake marehemu, akaninyang'anya mwiko. "Utaiunguza," alisema. "Moto, punguza." Nikapunguza. Nilipokuwa na miaka tisa, nilisukumia bakuli la uji kando mbele ya macho yake. Leo asubuhi nilijaza mawili, tukanywa wapita njia wakitutazama, naye akamalizia sufuria kwa kidole.