Nilivyokuwa Mkaguzi wa Mitelezo ya Watoto

Siku ya kwanza ya kazi tulikuwa wanne sebuleni kwa Rehema, huko Mkuza, Kibaha, na nitawataja kama walivyokaa. Karibu na mlango alikaa Rehema mwenyewe, binti wa kaka yangu Kibwana, kwa hiyo mimi ni shangazi yake. Pembeni yake alikaa Eliya, aliyesoma naye chuo, Mlutheri, mtu wa kuja lakini ameoa Kibaha na amejenga hapa hapa. Kwenye kochi refu alikaa Mwalimu Debora, mstaafu, jirani wa nyumba ya tatu, aliyemfundisha Rehema darasa la sita. Wa nne ni mimi, Mwamvua binti Pazi, wa Kisarawe, nikakaa mkekani maana makochi yao yananizamisha.

Shule yangu ni darasa la nne, tena la kuokoteza. Miaka mingi nilipika uji na makande kwenye shule moja ya kwetu Kisarawe, na watoto walipopelekwa matembezi nilifuatana nao. Walimu walikuwa wakihesabu vichwa. Mimi watoto wa watu siwahesabu, nilikuwa naita majina, na sikumwacha mtu njiani hata siku moja. Hilo ndilo Rehema alilolikumbuka aliponiita.

"Shangazi," akaniambia, "tovuti ni kama ubao wa matangazo wa shule, ila huu unasomwa na aliye Mbagala na aliye Morogoro kwa wakati mmoja."

"Na huo wetu unatangaza nini?"

"Ushauri. Familia inataka kuwapeleka watoto bustani ya michezo, kwenye mabembea makubwa, vitreni vya kuzunguka, mitelezo ya maji. Kabla hawajatoka wanatuuliza sisi. Waende siku gani, wabebe nini, chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, kivuli kipo."

Tovuti ikaitwa Kesho Tunatoka, kwa sababu Mwalimu Debora alisema hakuna mzazi ambaye hajawahi kumdanganya mtoto kwa maneno hayo. Vyeo vikagawiwa pale pale. Rehema akawa Mhariri Mkuu, Eliya Fundi Mkuu, Mwalimu Debora Msahihishaji Mkuu. Nilipoona kila mtu ni mkuu nikajua wa chini ni mimi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa simu. Nilipokea ujumbe wa sauti, yaani mtu anaongea kwenye simu yake na maneno yanafika kwako yamehifadhiwa, unayasikiliza ukipata nafasi. Akina mama wengi hawapendi kuandika, wanapenda kuongea huku wanapepeta mchele. Nilisikiliza, nikamsimulia Mwalimu Debora, yeye akaandika. Daftari sikuwa nalo. Mama Anitha wa Misugusugu aliuliza kama Juniori wake, anayenyonya, analipa kiingilio. Alipopiga tena baada ya likizo mbili nikamuuliza, "Juniori ameacha ziwa?" Akapiga kelele, "Jamani! Kumbe huko kuna watu!" Mhariri Mkuu alisema kumbukumbu yangu ilituletea wasomaji kuliko mashine za Eliya. Eliya hakufurahi sana, lakini ni mtu mwenye adabu.

Kituo cha pili kilikuwa ukaguzi. Mhariri Mkuu alikuwa na sheria moja, na aliisema kila Jumatatu hata kama hakuna aliyeuliza: "Hatuandiki tusichokiona." Kwa hiyo lazima mtu aende. Mzee anafaa kwa kazi hiyo, maana hakuna mlinzi anayemshuku bibi aliyevaa kanga na kubeba chupa ya chai. Nilikaa kwenye benchi saa saba mchana kuona kivuli kinahamia wapi, kwa sababu kivuli cha asubuhi ni cha uongo. Nilijifungia chooni kuona kama komeo linashika. Nilihesabu hatua kutoka getini hadi bomba la kutawadhia. Niliujaribu mkanda wa mkononi, ile karatasi ngumu wanayokufunga kuonyesha kwamba umelipa. Ukilowa sana unakatika, na mkanda ukikatika mtoto anaonekana kama mwizi. Nikirudi namsimulia Mwalimu Debora naye anaandika. Habari ikipitwa na wakati tunasasisha, yaani tunafuta ya zamani na kuweka mpya. Nilikagua hivyo kwa miaka na kazi ilikuwa nzuri.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kwetu, mtu akifa, mzee mmoja huchukua ufito, humpima marehemu toka utosini hadi nyayoni, huukata, na ufito huo hupelekwa kwa wachimba kaburi. Kwa hiyo mtoto aliye hai hapimwi kwa ufito. Mama yangu akimwona mtu amesimamisha kijiti kando ya mtoto alikipokonya na kukivunja, hata kama mtoto ni wa mgeni. Ufito wa mwisho niliouona mimi ulimpima mume wangu, Sefu Chaurembo.

Basi nilitumwa kukagua bustani moja ya maji upande wa Dar, jina lake sitalitaja kwa sababu kosa halikuwa lao. Nikafika kwenye mitelezo mikubwa, ile ambayo mtoto anapanda ngazi kama ya minara, anakaa kwenye boya na kuteremka anapiga kelele. Chini ya ngazi alisimama mlinzi anaitwa Hamisi, shati la njano, na mkononi ana ufito wenye mstari mwekundu. Anawaita watoto mmoja mmoja na kuwasimamishia. Anayeufikia mstari anapanda, asiyeufikia anarudi. Hicho wanakiita kimo, na kila mtelezo una kimo chake.

Nikageuka. Nikatazama kibanda cha chipsi. Nikamuuliza Hamisi nikiwa nimempa mgongo, "Mwanangu, hapa wanapita watoto wa darasa la ngapi?"

"La tatu hivi wanapita, bibi."

Sikuuliza swali la pili. Niliporudi Mkuza, Mwalimu Debora akaandika kwamba watoto wa darasa la tatu kwenda juu wanapanda mitelezo mikubwa. Akainua kalamu.

"Umeona mwenyewe, Bi Mwamvua?"

"Nimeona."

Sikuwa nimeona.

Ilipita likizo moja. Treni mpya ilikuwa imeshaanza kusimama Soga, na watu wa huko walikuwa wanatoka sana. Asubuhi ya Jumatatu nikafungua simu nikakuta sauti ya mwanamke, ya upole, haina haraka.

"Shikamoo mama, au habari yako dada, sijui naongea na nani. Mimi Mama Faraja, niko Soga. Mliandika darasa la tatu kwenda juu. Faraja wangu yuko la tano, ni mdogo wa umbo tu. Amekataliwa pale chini ya ngazi. Mdogo wake Petro, wa la tatu, amepita. Faraja amekaa kwenye benchi ameshika viatu vya mdogo wake mpaka tunaondoka. Sidai kitu. Nauliza tu, huyo aliyeandika, alifika?"

Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Wa kwanza kusikia ujumbe wote nilikuwa mimi, na Eliya alikuwa amenifundisha namna ya kufuta. Nikaichukua simu, nikampelekea Mhariri Mkuu, nikaiweka mezani mbele yake.

Rehema akasikiliza hadi mwisho. Mwalimu Debora akavua miwani.

"Shangazi, si ulisema umeona?"

"Nilisema."

"Uliona nini?"

"Kibanda cha chipsi."

Nikamweleza habari ya ufito. Rehema ni mtoto wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili, lakini Eliya alishangaa. "Bibi, mbona kliniki watoto wanapimwa kila mwezi?"

"Mimi kliniki nilikuwa naona mzigo unaning'inia kwenye mizani," nikamwambia. "Na mizani sina ugomvi nayo."

Hakuna aliyecheka. Rehema akasema kwa sauti ya kazini, siyo ya nyumbani, "Mila yako sikukatazi. Ungeniambia tu, ningemtuma Eliya asome mstari. Lakini umemwambia Msahihishaji umeona. Watu wanapanda treni kwa neno letu, shangazi."

Nikamwambia basi niache kazi, nirudi Kisarawe kwenye mihogo yangu. Akasema, "Kwanza tunakwenda Soga. Kuacha utaacha ukirudi."

Siku hiyo hiyo habari ile ikarekebishwa. Juu kabisa Rehema aliandika kwamba tulikosea, kwamba kinachoangaliwa ni kimo na siyo darasa, na kwamba mkaguzi hakuangalia. Jina langu hakuliweka. Nilimwomba aliweke, akakataa.

Soga tulikwenda mimi na yeye. Mama Faraja ni fundi cherehani, anashonea barazani kwake. Alitukaribisha, akatuletea viti. Nikasema, "Mama, uliuliza kama aliyeandika alifika. Nilifika. Lakini pa kuangalia sikuangalia. Nimekuja kukuomba radhi, wewe na mwanao."

Akatazama cherehani yake. "Si mimi wa kuombwa," akasema, akaita, "Faraja!"

Akaja msichana mwembamba, macho makubwa, na nyuma yake Petro, mrefu kama mlingoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyesema darasa la tatu."

Akaniangalia kidogo. "Kumbe ni bibi! Nilijua ni mtu wa ofisini."

"Mimi nilipanda mara sita," akasema Petro.

"Wewe funga mdomo," mama yake akamwambia. "Hakuna aliyekuuliza."

Faraja hakumtazama mdogo wake. Akaniuliza mimi, "Bibi, nimepungukiwa kiasi gani? Yule kaka alisema tu 'bado'. Bado kiasi gani?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na ndilo nililopaswa kulijibu kabla hajatoka nyumbani kwao. Mama Faraja akachukua rula ndefu ya mbao anayokatia vitambaa, akataka kumsimamishia mtoto. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikaishika ile rula. Wote wakanitazama. Rehema alikuwa tayari kunisemea lakini nikamwahi, nikaeleza mwenyewe, mbele ya mtoto, kwamba kwetu kijiti hakisimamishwi kwa mtu aliye hai, na kwa nini. Mama Faraja ni Mkatoliki, mila hiyo hana, lakini hakuicheka. Akaiweka rula chini.

Faraja akafikiri. "Basi msinipime mimi. Pimeni ukuta."

"Ukuta?"

"Pimeni ukuta, mchore mstari, halafu mimi nipite."

Mama yake akatoa futi ya kushonea, ile ya utepe. Akaibandika ukutani toka sakafuni, akahesabu hadi sentimita mia moja na ishirini, kimo ambacho Rehema alikuwa ameuliza kule bustanini, akachora kwa chaki yake ya ufundi. Futi ikakunjwa, ikarudi mfukoni. Ndipo Faraja akaja kwa miguu yake, akasimama chini ya mstari, mgongo ukutani, kidevu juu.

"Usichuchumie!" akasema Petro.

"Sichuchumii, angalia visigino!"

Nikaweka vidole kati ya utosi wake na mstari. Nikamwambia, "Vitatu."

"Vidole vya nani? Vyako vinene, bibi." Akageuka, akaweka vyake. Akahesabu kimya kimya. Akasema, "Sawa. Sasa najua." Akaenda kucheza. Yeye alikuwa amemaliza.

Sikuacha kazi. Rehema alisema sheria ni ile ile, na kwamba sasa nimeijua kwa kuivunja. Mtelezo wowote wenye ufito alitumwa Eliya kusoma mstari, mimi nikabaki na vivuli, makomeo na maji. Kwenye tovuti tuliweka ushauri mpya, na hadi leo akina mama wanaurudia kuliko wote. Kabla hujapanga safari, uliza kimo cha kila mchezo, pima ukuta wa nyumbani, chora mstari, kisha mwite mtoto apite. Asiyefika alie nyumbani kwake, penye mama na uji, asilie kwenye benchi la watu akishika viatu. Niliwaomba pia walinzi kadhaa wachore mstari kwenye nguzo badala ya kushika ufito. Hamisi alikubali. Wengine walinicheka, na mimi sikuwalaumu.

Nilistaafu masikio yaliponiishia. Ukipokea sauti za watu na huzisikii vizuri, utasimulia usichokisikia, nami kosa la namna hiyo nilishalifanya mara moja. Hapakuwa na sherehe. Mwalimu Debora alileta vitumbua, Eliya akaniuliza majina ya waliowahi kupiga simu ili ayaweke kwenye mashine, tukakaa siku tatu, naye akachoka kabla yangu.

Vijana wananiuliza kazi ile ilikuwa kazi gani, kukaa kwenye benchi kutazama watoto wa watu wakiteleza. Nawaambia ilikuwa kazi ya kutangulia. Unafika kabla ya familia, unakutana na lile jua, lile komeo, ule mstari, ili vikiwa vibaya vikukute wewe kwanza. Ukigeuza uso, vitamkuta mtoto.

Ujumbe wa mwisho niliousikia sawasawa kwa masikio yangu ulitoka Soga. Mama Faraja alisema neno moja tu, "Ongea," kisha ikaja sauti ya msichana, imekuwa nzito kidogo. "Bibi, mstari unanifika kwenye nyusi. Jumamosi tunakwenda. Petro atashika viatu."

Nimeyaandika haya kwa mkono wa Mwalimu Debora, na safari hii aliponiuliza kama nimeona, nilifikiri kwanza kabla ya kujibu. Mama Faraja husema vilikuwa vidole viwili. Mimi nasema vitatu. Mliokuwapo Mkuza na Soga, pale niliposema sivyo nirekebisheni, nami sitakasirika. Faraja, anza wewe. Vidole ulihesabu mwenyewe.