Mlokole Aliyedhaniwa Amelewa

Nilitoka zamu mjini Lusail adhuhuri, nikawakuta walinzi wenzangu wawili ninaoishi nao Doha, Qatar, wakimmwagia maji baridi mwenzetu wa nne. Aliongea kama aliyejazwa pamba mdomoni.

"Funga mlango, msimamizi asisikie," wakaninong'oneza. "Jamaa amelewa. Akijulikana, atarudishwa nyumbani."

"Amelewa nini?" nikafoka. "Mlokole huyu, hata soda huiombea kwanza!"

Nikamwambia atabasamu. Upande mmoja wa mdomo ukagoma. Nikamwambia ainue mikono. Wa kulia ukabaki pajani. Nikaita ambulensi.

Hospitalini wakampiga picha ya kichwa. Ni kiharusi: damu iliganda, ikaziba mshipa wa ubongo. Daktari akauliza alianza kuongea hivyo saa ngapi, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake.

Wenzangu wawili walikuwa wamekuja nami.

"Tangu alfajiri," mmoja akasema, akiangalia viatu vyake.

Daktari akatikisa kichwa. Muda ulikuwa umepita.

Walimficha asirudishwe Kenya. Alirudishwa, kwa kiti cha magurudumu.