Nilivyowapelekea Bakwe Damu Mupya

Ndugu zangu, mucheke sasa mumalize kabisa, maana hii aibu nikiisimulia masikio bado yanawaka. Mimi mutoto wa Kindu, nilikuja Goma kusoma chuoni, nikampenda Masika, na siku ya kwenda kujitambulisha kwao Keshero nilivaa koti la kuazima (lilinibana makwapa, sikuweza hata kusalimia vizuri) na kichwa kimejaa kozi ya biolojia.

Profesa alitufundisha kwamba pahali watu wengi wana jina moja, ujue wametoka kwa babu mumoja na wanaoana wao kwa wao. Sasa nyumba ile ilijaa jamaa waliokimbia vita kule Beni, kila mutu anajitaja: Kambale, Kasereka, Kambale, tena Kambale. Baba ya Masika, Kambale. Ndugu ya mama yake, Kambale! Nikasema moyoni, maskini bakwe zangu, damu imewaishia. Badala ya kumuuliza Masika pembeni, nikasimama.

"Papa," nikasema kwa sauti ya daktari, "nyinyi munaoana sana ndugu kwa ndugu, majina yanaonyesha. Munipe Masika, nilete damu mupya."

Weee! Masika akafunika uso na kitenge.

"Kumbe mimi nilioa dada yangu?" muzee akauliza pole pole, halafu akapaza sauti: "Ba Kambale bote, musimame!" Nusu ya sebule ikasimama. "Kila mutu na mama yake, lakini bote ni kijana wa pili kwao. Kwetu Banande jina ni zamu ya kuzaliwa. Na Masika ni binti wa kwanza, basi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajua Masika nimemupoteza.

"Papa, unisamehe, mimi mujinga," nikasema, "lakini binti yako ninamupenda."

Mama mukwe akaangua kicheko mpaka machozi, na wale waliofika na mabegi wakikimbia vita wakacheka naye. Muzee akakohoa. "Tunakupa. Lakini batoto benu batapata majina yetu, kwa zamu. Ndiyo amande yako, faini ya mudomo wako."

Amande tunailipa bado. Wa kwanza Paluku. Juzi, nje ya kanisa, yule wa pili akanikimbia, nikapiga kelele, "Kambale!" Wanaume kibao wakageuka, na baba mukwe mbele yao akaitika: "Unaita nani, damu mupya?"

Tangu pale, mbele ya bakwe ninauliza kwanza. Tena kwa sauti ya chini.