Ukibishana Habari za Mungu, Toka Kwanza Kisimani

Saa mbili asubuhi, Fuko yuko futi thelathini na mbili chini ya ardhi, anachimba. Jina hilo kapewa na kazi: mwaka wa kumi na moja huu anachimba visima. Juu, shemeji yake anavuta ndoo za udongo kwa kamba. Leo wako kimya. Mimi niliyemzaa Fuko, nikamwoza huyo wa juu binti yangu, kimya hicho nakishukuru.

Zamani hawakunyamaza. Tangu jembe la kwanza, ubishi ni wa Mungu tu.

"Kama kila kitu kimeumbwa, Yeye kaumbwa na nani?" Fuko huuliza kutoka shimoni.

"Angeumbwa, angekuwa kiumbe kama wewe, tena mchafu hivyo hivyo!"

Tulikuwa tukicheka. Sikuona ubaya.

Jumanne iliyopita ndoo ilikuwa imejaa, inakaribia juu. Fuko akapaza sauti: "Kabla hajaumba mbingu na nchi, alikaa wapi, shemeji? Pembeni?"

"Pembeni ya nini, wewe! Mungu hana mwisho, ameenea hivi..."

Akatanua mikono yote miwili kuonyesha. Kamba akaiachia.

Nilikuwa nimewaletea chai, nimeshawaita. Niliona kamba inakimbia, nikasikia kishindo, kisha kimya. Hata kikohozi hakuna. Mkwe wangu alianguka magoti ukingoni.

"Fuko! Nimeshindwa mimi, umeshinda wewe, jibu tu!"

Chini ikatoka sauti: "Mama, umesikia? Wewe ni shahidi."

Nililia huku nacheka. Kumbe Fuko ana desturi: kila akishuka futi chache, huchimba kijipango ubavuni mwa kisima, na ndoo ikipanda hujibanza humo. Ndoo ilipasukia pale pale alipokuwa amechuchumaa kabla ya kujibanza.

Wazazi wenzangu, waambieni wanenu. Swali la Mungu lilikuwepo kabla yetu, na kesho litakuwepo. Mtoto akishaenda kaburini, harudi kuuliza tena. Ulimi hauna mfupa, lakini kamba inataka mikono miwili.

Sasa Fuko hachimbi neno mpaka wote wawe juu. Udongo umeanza kuja na unyevu, anatumaini wiki hii maji yatatoka.

"Yakitoka tunaanza upya," anasema. "Swali langu hajalijibu."

"Na kule kushindwa kwangu hakuhesabiki," anadakia shemeji. "Nilikuwa na hofu."

Wabishane tu, chai nitaleta. Ila siku hiyo kamba naikalia mimi.