Chupa Mbili Mezani kwa Scholastica

Kaka yangu Alen ana mikono mizuri na kichwa kibovu. Nasema mapema, ili msinishangae nikimsema vibaya mtu niliyenyonya naye ziwa moja.

Mikono yake inaujua mzabibu. Kupogoa, kufunga matawi, kukamua, hayo yote muachie yeye. Ulimi ndio hana. Mpe divai, mpe siki, zote atakwambia nzuri. Ulimi wa nyumba ile ulikuwa wa mkewe Scholastica, wifi yangu, ambaye sisi tunamwita Skola. Aliyemfundisha ni marehemu baba yetu, aliyezeekea kwenye shamba la zabibu la mapadri. Kila msimu, divai ikishatulia, Skola na Alen walifungua chupa, wakamimina kidogo, wakaonja, kisha wakaufunga mdomo wa chupa kwa kitambaa. Kesho yake wanarudia, na keshokutwa tena. Baba alikuwa akituambia kwamba divai nyekundu ikiwa changa, siku ya kwanza inakudanganya. Ile inayochoka mapema inywewe haraka, na ile inayozidi kuchangamka ndiyo ya kuweka. Alen aliketi pale mezani kwa heshima tu, akimwangalia mkewe usoni ajue aseme nini.

Hawakujaliwa mtoto. Mwaka juzi Alen akahamia Soni kwa mwanamke anaitwa Glory, mzaliwa wa Dodoma aliyekuja Mombo kuuza vitenge. Wajomba wakakaa kikao, wakaligawa shamba la zabibu. Matuta ya juu yakawa ya Skola, ya chini ya Alen. Mimi ningemchoma kaka yangu kwa kuni mbichi, lakini Skola hakutaka kisasi. Alitaka Alen arudi nyumbani, basi, na hakuona aibu kulisema hilo mbele yangu wala mbele ya Mungu.

Mwezi wa sita, baridi ya kutia meno ganzi, Alen akanikuta sokoni Soni. Akanipa chupa iliyofungwa kwenye gazeti.

"Dada, mpelekee Skola. Aonje, aniambie kama itafika Krismasi."

"Kwani wewe huna mdomo?"

"Dada, si unajua."

Nilijua. Nikapanda nayo mlimani. Nilimkuta Skola anafunga karoti mafungu kwa ajili ya gulio. Akanawa mikono, akaniamkia, "Shikamoo wifi," ndipo akaipokea chupa na kuifuta kwa upindo wa kanga.

"Amesema Krismasi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hakusema na kingine?"

"Hakusema."

Huku kwetu Krismasi ndipo wote walioteremka kutafuta maisha wanaporudi makwao. Niliiona furaha ikimpanda Skola usoni, nami sikuwa na moyo wa kuizuia. Nilijiambia huenda ni kweli. Kichwa kibovu nacho kuna siku kinapona.

Akaenda kuleta chupa yake mwenyewe, ili azionje pamoja. Zabibu zilikuwa za aina moja, zilivunwa wiki moja, tofauti ni matuta na mikono. Yake ilikuwa laini, tamu kwa mbali, inateleza. Ya Alen ilikuwa imenuna. Haikuwa na harufu, na ukakasi wake ulikausha ulimi kama umeuma ndizi mbichi. Skola aliitema kwenye kopo, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Wifi, kaka yako anahangaika huko! Divai hii haina mtu wa kuionja."

Alasiri ile alizungumza kuliko miezi yote iliyopita. Chumba kingepakwa chokaa. Jogoo mwekundu asiuzwe, Alen anampenda jogoo wa kienyeji. Nikacheka naye, nikamwambia mwanaume huyo akirudi kwanza alale jikoni na mbuzi. Akasema hapana wifi, kuna baridi.

Siku ya pili, divai ya Skola ilikuwa imepungua ladha kidogo. Ya Alen ilikuwa imeanza kutoa harufu. Skola aliinusa, akaiweka chini, akainusa tena.

"Inaamka," alisema. Hakucheka. Akaongeza kwamba labda ni hii baridi, chupa ilikaa karibu na mlango.

Niliporudi kwangu nikampigia Alen simu. Nilimuuliza hiyo Krismasi ni ya nini. Akajibu kwa furaha, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. Glory ni mjamzito, atajifungua mwezi wa kumi. Padri amesema mtoto hana kosa, atabatizwa Krismasi. Wageni watakuja mpaka kutoka Dodoma, naye anataka wanywe divai yake mwenyewe.

"Na Skola analijua hili?"

"Si nimekutuma wewe?"

Niliyomwambia hapo hayaandikiki.

Siku ya tatu nilipanda mlima polepole kama mgonjwa, natafuta maneno na siyapati. Nilimkuta ameshamimina. Yake ilikuwa imekufa kabisa, maji mekundu yenye ladha ya chai ya jana. Ya Alen ilijaza chumba. Hata mimi nisiyejua kitu nilisikia plamu mbivu, na moshi kidogo, na kitu cha mbali kama karafuu. Ule ukakasi ulikuwa umelainika, na ukiimeza inabaki kinywani muda mrefu.

Skola hakutema. Alimeza.

"Divai ikiwa inachachuka, Alen huyaacha maganda ya zabibu humo mpaka yanaoza," alisema. "Miaka yote ni mimi niliyemwambia, toa leo. Safari hii kuna mtu amemwambia, na siku ameipatia."

"Labda amebahatisha."

"Hii si bahati, wifi. Kuna mtu anaonja naye." Aliizungusha glasi, akaitazama. "Yule mwanamke amekulia kwenye zabibu, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi Krismasi si ya kwangu. Ni ya nini?"

Nikamwambia. Yote, mimba na ubatizo. Alilia bila sauti, mikono juu ya meza, machozi yanaanguka na yeye hayafuti. Nililia naye. Nilimwona mdogo ghafla, kama binti aliyeletwa kwetu siku ile ya kwanza, anaogopa hata kuomba maji.

Baadaye akaigusa chupa yake. "Hii nilimtengenezea yeye. Anapenda laini. Niliyatoa maganda mapema mno, nikasema iwe tayari akija. Ndiyo maana haikuwa na nguvu."

"Mwambie yake imeharibika," nilisema. "Aimwage. Nitampelekea mimi hayo maneno, kwa mikono miwili."

"Divai haijanikosea kitu, wifi. Mwambie itafika. Itafika Krismasi, na Pasaka pia. Waiweke penye baridi, wasiitikisetikise."

Nilikwenda Soni na ujumbe huo. Alen aliposikia alipiga makofi kama mtoto. Glory alitoka ndani, tumbo limeanza kuonekana, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa ajili ya kile kilichomo tumboni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia vizuri, lakini alipofungua kinywa aliniuliza, "Na siku ya kwanza, dada, aliisemaje?" Swali hilo lilinichoma, maana ndilo Skola angeuliza. Alen alikuwa amesimama katikati yetu, anamwangalia Glory usoni ajue aseme nini.

Nilimwambia Skola kila kitu isipokuwa hilo.

Msimu uliofuata Skola hakukamua. Zabibu zake zote alizipakia kwenye mabeseni, akateremka nazo Mombo, akawauzia abiria wa barabara kuu wanaonunua na kutema mbegu dirishani. Roho iliniuma. Nilimuuliza kwa nini asitengeneze hata kidogo, hata chupa ya kunywa mwenyewe.

"Nitaitengeneza, wifi," alisema. "Halafu nifungue chupa, niketi nayo siku tatu. Ikichangamka nimwambie nani?"