Maji Yenye Macho

Harufu ya chumvi ikichemka ni ya matope na moshi, wala si tamu, lakini mwaka ule wa njaa, enzi za Wadachi, mimi niliinusa kama nyama. Mvua ilitukataa Ugogo nzima. Baba alichukuliwa upagazi, hakurudi. Mama alikuwa akikwangua udongo wa chumvi mbugani Bahi, anautia kwenye chungu chenye matundu chini, anaumwagia maji. Maji yanashuka na chumvi yake, mchanga unabaki juu umenuna. Tunayachemsha mpaka yakauke, chumvi inarudi. Tukapata kibuyu kimoja tu. Kesho yake tungekipeleka Kondoa tubadilishe na uwele, maana mdogo wangu Ndahani alikuwa ameshaacha hata kulia.

Asubuhi hiyo jirani akapiga kelele, "Askari! Wanabeba kila kitu!" Mama akamimina chumvi yote kwenye mtungi wa maji, akakoroga, ikapotea. Nikacheka.

"Mama, umekuwa mchawi!"

"Nyemo, funga huo mdomo. Tutaichemsha wakishaondoka." Akatoka kuwapokea.

Nikabaki ndani, Ndahani mgongoni, na akili zangu nyingi. Pembeni kulikuwa na samli yetu ya mwisho, ya kumlambisha mtoto. Nikajiambia, kama maji yamemeza chumvi, samli yatashindwaje? Nikaitumbukiza yote. Nikakoroga, ikapanda juu. Nikakoroga tena, nikaiomba, nikaitukana. Ikawa viduara vidogo vidogo vinavyong'aa, vinanikodolea.

Askari akaingia, akainama juu ya mtungi. "We mtoto, maji gani haya yana macho?"

"Shikamoo, bwana. Ya kuoga hayo. Mama anapenda kung'aa."

Wenzake mlangoni wakacheka. Naye akacheka, akachovya kidole, akalamba. Kicheko kikaishia hapo. Akamtwisha mama mtungi uleule, aubebe mpaka kambini kwao. Nikamng'ang'ania mama nguo.

"Ni mimi, mama. Ni mimi."

"Najua. Mpe mdogo wako maji."

Maji yenyewe alikuwa nayo kichwani.

Alirudi siku ya tatu, mikono mitupu. Mimi na jirani tulikuwa tumeshamzika Ndahani.

Baadaye nilisoma kidogo misheni. Siku moja mwalimu akatuambia maji huyeyusha chumvi lakini mafuta huyakataa. Mafuta hukubaliana na vya jamii yake, ndiyo maana utomvu ukikuganda mkononi unautoa kwa mafuta, si kwa maji. Wenzangu wakaitikia. Somo fupi vile, na nimelichelewa.

Leo chumvi nanunua dukani, nikiimwaga hakuna anayeshtuka. Wanangu wanasema mama yao ana vichekesho. Ila kila nikiosha sufuria ya mchuzi, mafuta yanapanda juu ya maji, yananitazama. Nayavuruga kwa mkono. Yanarudi.